HIGH LINE: Reli iliyoua, ikafa, ikafufuka bustani. Bili je, alilipa nani?

Kama unafuatilia kurasa za watu wa kusafiri huko Instagram na TikTok, hii sehemu umeshaiona hata kama jina lake hulijui. Njia nyembamba ya kutembea kwa miguu, imeinuliwa juu usawa wa ghorofa ya tatu hivi, nyasi ndefu pembeni, reli za treni zinachungulia katikati ya maua, minara ya vioo kulia na kushoto. Mtu amesimama na kikombe chake cha kahawa, kageuza shingo kidogo, anacheka na mtu asiyeonekana kwenye picha. Unagonga like, unapita.

Inaitwa High Line. Iko New York, Manhattan, upande wa magharibi. Urefu wake ni kama kilomita 2.3, imeinuka kama mita 9 kutoka barabarani, na kuingia ni bure kabisa. Kabla ya korona ilikuwa inapokea karibu watu milioni 8 kwa mwaka. Yaani reli chakavu ya mizigo ikageuka kuwa moja ya sehemu zinazotembelewa sana kwenye jiji ambalo tayari lina kila kitu cha kutembelea.

Wengi stori yao inaishia hapo. Ila ile njia ina historia ya damu, ina kesi za mahakamani, ina jamaa aliyeinunua kwa bei ya chipsi na soda, na ina swali moja zito ambalo mwanzilishi wake mwenyewe amekiri hadharani kwamba hawakulijibu vizuri. Jivute karibu, hii ndefu kidogo.

BARABARA YA KIFO

Turudi nyuma mpaka 1847. Mamlaka za New York zinaruhusu reli ya mizigo itandikwe upande wa magharibi wa Manhattan. Sasa usifikirie reli iliyozungushiwa uzio na vituo vyake. Hii ilipita katikati ya barabara ya mtaani, humohumo wanamopita watu, mikokoteni, farasi na watoto wanaocheza. Treni nzima ya mizigo, mabehewa na moshi wake, inakatiza mbele ya mlango wa duka lako.

Matokeo unayajua. Watu waligongwa, tena sio mmoja wala wawili. Kwa miaka mingi vifo vilihesabika kwa mamia, na kati ya waliokufa walikuwemo watoto wengi, maana mitaa ile ilikuwa ya familia za vibarua, na mtoto wa kibarua uwanja wake wa kuchezea ni barabara. Tenth Avenue ikabandikwa jina ambalo halikuhitaji kampeni yoyote ili lienee: Death Avenue, Barabara ya Kifo. Mwaka 1908, baada ya mtoto wa miaka 7 kuuawa na treni, watoto wenzake waliingia mtaani wakaandamana. Hebu fikiria hiyo picha: watoto wadogo ndio wanaowakumbusha watu wazima kwamba treni hailingani na mwili wa binadamu.

Kampuni na jiji walikuwa na suluhisho lao, na hapa ndipo stori inapokuwa kama filamu. Kuanzia karne ya 19 sheria ilitaka kila treni itanguliwe na mtu aliyepanda farasi, mchana anapunga bendera nyekundu, usiku anabeba taa nyekundu, kazi yake ni kuwaonya watu watoke njiani. Wakaitwa makauboi wa West Side. Ndiyo, katikati ya New York, wakati majengo marefu yameshaanza kupanda angani, kuna kijana juu ya farasi anatembea mbele ya kichwa cha treni kama mshenga anayetangulia kubisha hodi. Wa mwisho wao aliteremka kwenye farasi mwaka 1941.

Walisaidia? Kidogo. Treni ni treni.

WAKAIPANDISHA JUU

Mwaka 1929 jiji, jimbo na kampuni ya reli ya New York Central wakakubaliana kuliondoa tatizo lenyewe: treni zitoke barabarani. Mradi ulikuwa mkubwa hasa. Ulifuta makutano 105 ya reli na barabara, na gharama yake ilizidi dola milioni 150 kwa pesa ya miaka ile, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka kifudifudi. Kipande kimoja cha mradi huo ndicho hiki tunachokizungumzia. Kilifunguliwa mwaka 1934.

Wahandisi walifanya jambo moja la akili sana. Hawakuijenga reli juu ya barabara, maana ingeweka giza mtaa mzima. Waliipitisha nyuma ya majengo, katikati ya viwanja, na sehemu nyingine ikapenya ndani ya majengo yenyewe. Treni inaingia kiwandani ghorofa ya juu, inashusha nyama, maziwa, matunda na unga palepale, inatokea upande wa pili na kuendelea na safari. Kule chini kwenye lami hakuna hata anayejua kama mzigo umefika.

Moja ya majengo hayo lilikuwa kiwanda cha biskuti cha Nabisco. Humo ndimo ilimozaliwa Oreo mwaka 1912. Leo jengo hilohilo linaitwa Chelsea Market, limejaa migahawa, na ukiwa High Line unapita kwenye tumbo lake kama zilivyopita treni za unga. Kwa hiyo ukiona mtu kapiga picha kwenye kile kipande chenye kivuli kama handaki, jua kasimama mahali ambapo zamani mzigo ulikuwa unashushwa.

Shika hilo la kupita katikati ya viwanja, maana ndilo litakaloleta kesi zote huko mbele. Reli iliyopita juu ya barabara iko juu ya mali ya umma. Reli iliyopita juu ya kiwanja cha mtu ina mwenye kiwanja chini yake.

BATA MZINGA WA MWISHO

Kilichoiua High Line ni lori. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Marekani ilimwaga lami nchi nzima, na kuanzia miaka ya 1950 mzigo ukahamia barabarani. Lori linakuja mpaka mlangoni, halisubiri ratiba. Viwanda navyo vikaanza kuhama jijini. Miaka ya 1960 kipande cha kusini kabisa kikabomolewa. Mwaka 1980 ikapita treni ya mwisho, ikivuta mabehewa matatu ya bata mzinga waliogandishwa. Hakukuwa na hotuba wala mkanda wa kukata. Bata mzinga wakashushwa, reli ikanyamaza.

Na ikaachwa hivyohivyo kwa karibu miaka 20.

Kwa chini ilionekana kama balaa. Chuma kimeshika kutu, kivuli kizito, maji yanadondoka hata siku isiyo na mvua, na mitaa ya chini yake nayo ilikuwa ya shughuli za usiku na usiku wa manane. Asubuhi mabucha ya jumla, mchana magereji, usiku vilabu na wauza miili. Ukimuuliza mwenye kiwanja, jibu lake lilikuwa moja: ng'oa hilo dude nijenge.

Ila kwa juu kulikuwa na jambo lingine linaendelea ambalo karibu hakuna aliyeliona. Upepo na ndege walileta mbegu. Zikaangukia kwenye kokoto na vumbi la miaka, zikaota. Nyasi, maua ya porini, vichaka, mpaka miti midogo. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyemwagilia. Katikati ya jiji lenye ardhi ghali kuliko karibu popote, kulikuwa na utepe wa msitu mdogo unaoning'inia hewani.

JAMAA WA DOLA 10

Hapa aingie mtu ambaye kwenye simulizi nyingi za High Line anapewa mistari miwili tu. Peter Obletz alikuwa mkazi wa Chelsea na mpenzi wa treni wa kiwango cha kuitwa chizi. Aliishi karibu kabisa na karakana za reli na alikuwa na mabehewa yake ya zamani aliyokuwa akiyakarabati mwenyewe. Miaka ya katikati ya 1980, wenye viwanja walipokuwa wanashinikiza reli ivunjwe, yeye alienda kwa kampuni iliyokuwa inaimiliki na kuinunua mwaka 1984. Bei? Dola 10.

Dola kumi, mdau. Kampuni ilikuwa tayari kuiachia kwa bei hiyo kwa sababu kuibomoa ingekuwa gharama kubwa kuliko kuimiliki. Yeye ndoto yake haikuwa bustani, alitaka treni zirudi. Wenye viwanja wakaja na mawakili, vita ikapigwa kwa miaka, na mwisho ule ununuzi ukatenguliwa. Obletz alifariki 1996, reli ikiwa bado imesimama, kutu juu, nyasi juu ya kutu.

Alishindwa kesi, lakini miaka ile aliyowapotezea muda ndiyo iliyoifanya reli iwepo pale walipotokea watu wengine. Mwaka 1991 kipande kingine cha kusini kilishavunjwa. Bila ule ubishi wake, huenda chote kingekuwa kimeondoka kabla hao wengine hawajasikia habari zake.

WASHIKAJI WAWILI WALIOKAA VITI JIRANI

Agosti 1999 kuna kikao cha wakazi wa eneo hilo. Ajenda: hatima ya reli. Joshua David, mwandishi wa makala za safari, kaenda kusikiliza. Robert Hammond, kijana wa miaka kama 30 aliyekuwa kwenye mambo ya biashara na ushauri, naye kaenda. Wakakaa viti jirani bila kujuana. Kila mmoja alidhani atakuta kundi la watu wanaotaka kuiokoa reli, ajiunge nalo basi. Wakakuta hakuna kundi. Kikao kilipoisha wakapeana namba za simu, wakaanzisha chama chao wenyewe: Friends of the High Line.

Mmoja si mhandisi, mwingine si mwanasheria, na hata hela hawakuwa nayo. Walichofanya kwanza ndicho kinachotuhusu sisi watu wa mitandao: walitafuta picha. Mpiga picha Joel Sternfeld akaruhusiwa kupanda juu, na kwa mwaka mzima wa 2000 na 2001 akawa anaipiga reli misimu yote, kwenye theluji, maua, majani makavu. Picha hazina mtu, hazina mbwembwe. Reli mbili tu zinapotelea kwenye nyasi, na majengo ya New York yamesimama nyuma kama yanashangaa. Watu waliopita chini ya dude lile miaka yote wakaona kwa mara ya kwanza kilichoko juu ya vichwa vyao. Baada ya hapo huwezi tena kuwaambia ni takataka.

Ndipo na mastaa wakaanza kusogea. Mwigizaji Edward Norton alikuwa mmoja wa waliobeba ajenda hii mapema, na mbunifu wa mavazi Diane von Furstenberg na mumewe Barry Diller wakaja kuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa kuliko wote.

SAINI YA DAKIKA ZA MWISHO

Desemba 2001. Jiji bado lina kidonda kibichi cha Septemba 11. Meya Rudy Giuliani anamaliza muda wake, na siku za mwisho kabisa ofisini utawala wake unatia saini kukubali reli ibomolewe. Sisi huku tunaijua ile alama ya X nyekundu ukutani. Basi High Line ilishapigwa X.

Wakina David na Hammond walikuwa wameshakimbilia mahakamani. Januari 2002 akaingia meya mpya, Michael Bloomberg, na yeye alikuwa upande wao. Lakini kupendwa na meya hakutoshi, kulikuwa na mambo matatu ya kupanguliwa. Nayaeleza kwa ufupi maana hapa ndipo wajanja wanapojifunza.

La kwanza, hesabu. Wakafanya utafiti wa kiuchumi wa kuonyesha kwamba kodi ambayo jiji litapata kutokana na eneo kuchangamka itazidi gharama ya kuikarabati reli. Waliacha kuongelea maua, wakaongea lugha ya mkwanja.

La pili, sheria. Marekani kuna utaratibu uliowekwa mwaka 1983 ambao tunaweza kuuita kuiweka reli benki. Reli isiyotumika haifutwi, inahifadhiwa kama njia ya miguu au baiskeli, na ikitokea siku treni zikahitajika tena, njia ipo. Kwa kuwa haijafutwa kisheria, wenye viwanja hawawezi kudai kwamba imekufa warudishiwe nafasi yao. Utaratibu huo ndio uliozaa njia nyingi za miguu na baiskeli zilizokuwa reli huko Marekani, na mwaka 2005 High Line ikaingizwa humo. Kampuni ya reli ya CSX, iliyokuwa inaimiliki wakati huo, ikalikabidhi jiji bure.

La tatu, wenye viwanja. Hawa ndio waliokuwa mwiba. Jiji likabadilisha mpango wa matumizi ya ardhi mwaka huohuo wa 2005 na kuwaambia hivi: wewe mwenye kiwanja chini ya reli, ile haki yako ya kujenga kwenda juu ambayo reli imeizuia, iuze kwa mwenye kiwanja cha jirani, naye ataruhusiwa kujenga jengo refu zaidi. Yaani unauza hewa. Waliokuwa wanataka reli ivunjwe jana, leo wakagundua kwamba ikibaki ndiyo dili. Upinzani ukayeyuka.

Weka alama hapo kwenye kuuza hewa. Tutarudi.

KAMA UTATEMBEA, TEMBEA HIVI

Kipande cha kwanza kilifunguliwa Juni 2009, cha pili 2011, cha tatu 2014, na kile kitawi cha mtaa wa 30 mwaka 2019. Vipande viwili vya kwanza peke yake viligharimu takriban dola milioni 152.

Anza kusini, mtaa wa Gansevoort, panda ngazi polepole. Reli unazoziona kwenye maua ni zilezile. Wakati wa ukarabati kila kipande kiliwekewa namba, kikang'olewa, na vingi vikarudishwa mahali vilipokuwa. Mimea ilipangwa na Mholanzi Piet Oudolf, na msingi wake ni yale magugu yaliyojiotea yenyewe miaka ya upweke. Ndiyo maana bustani haionekani kama ya hotelini. Majani makavu yanaachwa yasimame mpaka msimu wa baridi, kwa sababu Oudolf anaamini mmea unaokufa nao una uzuri wake.

Ukisonga mbele kidogo unapita chini ya hoteli iliyojengwa kuikanyaga njia, mguu huku mguu kule. Hoteli hiyo ina madirisha ya kioo kutoka sakafuni mpaka darini, na mwaka 2009 iligonga vichwa vya habari kwa sababu baadhi ya wageni walikuwa wanafungua mapazia na kujianika kama walivyozaliwa mbele ya watembea kwa miguu. Kiki ya bure hiyo.

Mtaa wa 17 ndipo pa kukaa. Wamekata sakafu wakatengeneza viti vya ngazi kama ukumbi wa sinema, na mbele, badala ya pazia la filamu, kuna kioo kikubwa. Kinachoonyeshwa ni magari yanapita chini. Watu wanakaa pale nusu saa wanaangalia taksi, na wengi hawajui kwamba barabara ile ni Tenth Avenue. Ndiyo ileile. Barabara ya Kifo imekuwa sinema ya watu waliochoka miguu.

Mtaa wa 30, kwenye kitawi, ndipo ilipowekwa mwaka 2019 sanamu ya shaba iitwayo Brick House ya Simone Leigh, mwanamke mweusi mwenye urefu wa karibu mita 5, nywele za kusuka, hana macho, na mwili wake umekaa kama nyumba. Leigh alichota umbo hilo, miongoni mwa mengine, kwenye nyumba za udongo za Wabatammaliba wa Benin na Togo na za Wamousgoum wa Cameroon na Chad. Kwa karibu miaka miwili yule dada alisimama juu ya Tenth Avenue akiwa mkubwa kuliko kila mtu.

Mwisho kabisa, kaskazini, njia inapinda kuzunguka karakana za treni mpaka mtaa wa 34. Hapo kuna kipande kilichoguswa kidogo tu, mimea iliyojiotea bado ipo kati ya mataruma. Watu wengi wanakuwa wameshachoka hawafiki. Fika. Ndicho kipande kinachofanana na zile picha zilizoiokoa.

Na kama unajiuliza kama New York ndio wabunifu wa kwanza, hapana. Paris walitangulia. Walichukua daraja la reli ya 1859 iliyofungwa 1969, wakapanda bustani juu, na mwaka 1993 ikawa njia ya miguu. Wapenzi wa filamu mmeiona kwenye Before Sunset ya 2004, wale wapenzi wawili wanatembea na kuongea muda wote. Chini ya matao ya daraja lile kuna karakana na maduka ya mafundi wa kazi za mikono. Kumbuka hao mafundi.

SASA BILI

High Line ilipofunguliwa, zile haki za hewa zikaanza kazi. Minara ikapanda kama uyoga baada ya mvua. Wasanifu wakubwa wa dunia wakaja kuweka saini zao, akiwemo Zaha Hadid, ambaye jengo lake la makazi la mtaa wa 28 lilikamilika 2017, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Jumba la makumbusho la Whitney likahamia mguuni pa njia 2015. Mwaka 2019 Hudson Yards, mji mzima wa vioo, ukafunguliwa upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha linaloangalia bustani kikawa na bei ya kukutoa machozi.

Ukiongeza bei ya dirisha, bei ya mlango nayo inapanda. Magereji ya Tenth Avenue yakaanza kufunga moja moja. Mabucha mengi ya jumla yakaondoka. Fundi aliyekuwa anatengeneza magari pale kwa miaka hakufukuzwa na mtu mwenye bunduki. Mkataba uliisha, kodi mpya ikaletwa, akafunga vifaa vyake. Wewe uliyewahi kuambiwa na mwenye nyumba "mwezi ujao tunapandisha" unajua kwamba hakuna kelele kwenye jambo hilo. Unatafuta kirikuu cha kubebea vitu, basi.

Lakini wapo waliobaki. Karibu kabisa na njia kuna makundi mawili ya nyumba za umma za watu wa kipato cha chini, Fulton Houses na Elliott-Chelsea Houses. Wengi wa wanaoishi humo ni weusi na Walatino, na kodi zao zinalindwa na serikali, kwa hiyo minara haikuwatoa. Ajabu ni kwamba bustani iko hatua chache kutoka mlangoni kwao, ni bure, na bado wengi hawakuwa wanapanda. Walipoulizwa sababu, walisema hawakuona kama ilijengwa kwa ajili yao, hawakuona watu wanaofanana nao kule juu, na shughuli zilizokuwa zinafanyika hazikuwavutia.

Mwaka 2017 Robert Hammond, yule mshikaji wa kwenye kikao, alisema kwenye mahojiano kitu ambacho waanzilishi wengi huwa hawasemi. Alikiri kwamba walitaka kuufanyia mtaa wao jambo jema na mwisho wa siku walishindwa. Kosa, kwa maelezo yake, lilianza kwenye maswali. Waliwauliza majirani bustani ionekaneje, ngazi ziwe wapi. Hawakuwauliza: tuwafanyie nini? Wangeuliza hivyo, jibu lingekuwa ajira na unafuu wa maisha.

Tuwape haki yao pia, hawakukaa kimya. Walianzisha ajira za kulipwa kwa vijana wa nyumba zile, wakabadilisha aina ya matamasha, na wakaanzisha mtandao wa kuwasaidia wenye miradi ya aina hii kwenye miji mingine wapange mambo ya makazi na ajira kabla ya kupanda ua la kwanza. Ila minara ilishasimama, na mnara haurudishwi chini kwa kuomba radhi.

Stori haijaisha. Mwaka 2023 ulitangazwa mpango wa kuzibomoa zile nyumba za Fulton na Elliott-Chelsea na kuzijenga upya, wapangaji wakiahidiwa vyumba vipya, na hapohapo kuongezwa majengo yenye maelfu ya vyumba vingine, vingi vya bei ya soko. Wapo wapangaji wanaosema afadhali, majengo yamechoka na ukarabati hauji. Wapo waliokwenda mahakamani kupinga, kwa hofu kwamba ahadi ya kurudi nayo ina tarehe ya kuisha.

Mimi siamini kwamba jibu lilikuwa kuiacha ile reli ioze. Bila wale watu wawili pangekuwa na minara ileile na bustani isingekuwepo. Lakini angalia kilichopangwa na kisichopangwa. Mwenye kiwanja alipewa hewa auze. Mtalii alipewa kiti cha kukaa. Jiji lilihesabu kodi yake mapema kabisa, kabla ya kukarabati mita moja. Fundi gereji hakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, na mama wa Elliott-Chelsea alikumbukwa wakati bustani imeshakuwa maarufu.

Kwa hiyo siku ukibahatika kupanda zile ngazi, piga picha zako zote, usijinyime. Ila ukifika mtaa wa 26, angalia upande wa mashariki. Utaona majengo ya matofali, ya kizamani, hayana vioo vya kuwaka jua na hayatokei kwenye posti za mtu. Huko ndiko wanakoishi watu wa mtaa ule, waliokuwepo tangu reli ikiwa na kutu.